Tarumbeta ya Mwaka wa Hamsini

Hotuba kwa wanakwaya na waumini katika ibada ya jubilei, Nyansiongo

 

 Mwalimu wa kwaya aliponiomba nizungumze alinipa mambo matatu: Neno la Mungu, upendo wa Mungu, na maisha ya uaminifu ya kila siku. Kisha akaongeza, "Lakini usisahau kwamba ni jubilei." Sitasahau. Nitaanza na neno hilo hilo, kwa maana tumelitumia sana majuma haya, kwenye kadi za mchango, kwenye sare mpya, kwenye bango pale barabarani, na huenda tumelizoea kabla ya kulielewa.

Tarumbeta ilipigwa siku gani?

Jubilei haikuanza na karamu ya mfalme aliyekaa sana kwenye kiti chake. Ilianza jangwani, kati ya watu waliokuwa watumwa juzi tu. Fungueni Mambo ya Walawi sura ya 25 mkifika nyumbani, msome yote. Mungu alimwambia Musa kwamba Waisraeli wahesabu miaka saba mara saba, yaani miaka 49, na mwaka wa 50 wautenge uwe mtakatifu. Katika mwaka huo shamba lililouzwa kwa ajili ya umaskini lilirudi kwa jamaa ya aliyeliuza. Mtu aliyejiuza kwa mwenzake kwa sababu ya dhiki alirudi kwao akiwa huru, yeye na watoto wake. Na ardhi yenyewe ikapumzika, haikupandwa. Jina jubilei latokana na neno la Kiebrania lenye maana ya pembe ya kondoo dume, kwa kuwa mwaka huo ulitangazwa kwa kupiga pembe nchi nzima.

Sasa angalieni jambo moja ambalo ni rahisi kulipita mtu akisoma haraka. Pembe hiyo haikupigwa siku ya kwanza ya mwaka. Ilipigwa tarehe 10 ya mwezi wa saba, na siku hiyo ilikuwa Siku ya Upatanisho. Ndiyo siku ambayo watu wote walifunga na kujinyenyekeza. Ndiyo siku ambayo kuhani mkuu aliingia patakatifu pa patakatifu mara moja kwa mwaka. Ndiyo siku ambayo mbuzi aliwekewa dhambi za taifa kichwani na kupelekwa nyikani asirudi. Watu walisamehewa na Mungu kwanza, na siku hiyo hiyo pembe ikalia ikawaambia: sasa na ninyi waachilieni wenzenu.

Je, mnaona utaratibu huo, wapendwa? Mungu hakumwambia mtu yeyote afungue mkono kabla Yeye mwenyewe hajafungua mkono wake. Upendo wake ulitangulia. Lakini upendo huo haukukusudiwa kuishia hekaluni. Ulitakiwa kushuka kilimani, ufike shambani, ufike kwenye daftari la madeni, ufike kwenye mlango wa jirani. Mtu aliyeshangilia pembe na kurudi nyumbani akiwa bado ameshikilia shamba la nduguye, huyo alisikia sauti tu. Jubilei hakuiona.

Hilo ndilo neno langu la leo, na mengine yote nitakayosema ni kulifafanua. Jubilei haipimwi kwa miaka tuliyohesabu. Hupimwa kwa yale tunayoachilia. Na kwa kuwa tumeimba upendo wa Mungu miaka 50, watu wa soko hili wana haki ya kutuuliza: ninyi mtaachilia nini?

Udongo tuliokalia

Wazee wetu walio hapa mbele wanajua habari hii kuliko mimi, lakini vijana niwakumbushe. Hapa Borabu, kabla ya uhuru, palikuwa na mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu. Yalikuwa sehemu ya zile nyanda za juu walizotengewa Wazungu, yakisimama kama ukuta katikati, Abagusii upande huu na Wakipsigis upande ule. Kuanzia mwaka 1962 serikali ilianza kununua mashamba ya namna hiyo na kuyagawa kwa Waafrika. Mpango huo uliitwa wa Ekari Milioni, na katika nchi nzima ulizipa ardhi familia zipatazo 35,000. Skimu ya Nyansiongo ni tunda la nyakati hizo.

Vijana wengi hudhani babu zao walipewa mashamba bure. Sivyo. Walipewa pamoja na deni. Kulikuwa na mkopo wa kununulia ardhi na mkopo wa kuiendeleza, wa ng'ombe wa maziwa, mbegu na ua, na hati ya shamba ilisubiri deni limalizike. Kuna baba waliovunja migongo yao katika mahindi, pareto na maziwa ili walipe kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Basi sisi wa Nyansiongo hatuhitaji kufundishwa na mtu wa mbali maana ya ardhi na maana ya deni. Walawi 25 ni kama barua iliyoandikiwa mtaa wetu.

Kuna jambo lingine. Kule vilimani walikotoka wazee, kilima kilikuwa cha ukoo. Jirani yako alikuwa ndugu ya baba yako. Walipokuja kwenye skimu, mtu wa Kitutu aliweza kupakana na mtu wa Nyaribari, na ng'ambo ya kijito akawapo mtu wa Mugirango. Hawakuwa wa damu moja. Hawakuwa na babu mmoja wa kuwaamua wakigombana. Mahali pamoja ambapo watu kama hao wangeweza kuitana ndugu bila kuulizana ukoo ni kanisani, na ndani ya kanisa hakuna mahali palipo karibu zaidi kuliko kwaya. Maana katika kwaya huwezi kuimba sauti yako bila kumsikiliza mwingine. Mwenye besi anamngoja mwenye sauti ya kwanza. Anayesoma solfa vizuri anamshika mkono asiyejua kusoma, akamwimbia mpaka ashike.

Katika sura ile ya Walawi, Mungu anatoa sababu ya amri yake, nami nitaisema kwa maneno yangu: ardhi ni yake, na sisi tulio juu yake ni wageni aliotukaribisha. Wazee wetu waliingia hapa wakiwa wageni kweli kweli. Anayesahau hilo ndiye anayeanza kuhamisha jiwe la mpaka usiku.

Shamba na mabinti

Naomba niguse jambo linalouma, na mnivumilie, maana nalisema kwa upendo. Shamba lililotosha nyumba moja wakati ule leo linagawanywa kwa wajukuu. Vipande vimekuwa vidogo. Ndugu waliolelewa na mama mmoja hawasalimiani. Kuna nyumba ambazo mzee akifariki, wanawe hukutana mara mbili tu: siku ya mazishi na mahakamani. Na katika mambo hayo yote mara nyingi kuna mtu ambaye hata haulizwi, naye ni binti wa nyumba, au mjane aliyeachwa.

Someni Hesabu sura ya 27. Wako mabinti watano wa Selofehadi, na Biblia imeona vema kuwataja mmoja mmoja kwa majina: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao alifia jangwani bila mwana wa kiume. Wakasimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa, mbele ya kuhani na wakuu wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutike kwa sababu tu hakuzaa mvulana. Musa hakuwakaripia. Hakuwaambia hiyo si desturi yetu. Alilipeleka neno lao kwa Mungu, na Mungu akasema mabinti hao wananena haki, wapewe. Nchi yenyewe walikuwa hawajaiingia bado, na tayari wanawake walikuwa wamehakikishiwa sehemu yao.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 60, inakataa ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi, hata ule unaotoka katika mila. Lakini sisi hatukupaswa kungoja 2010. Tumekuwa na Hesabu 27 tangu siku tulipopokea Injili. Hebu tazameni kwaya hii inaposimama. Ni wangapi kati ya wanaoimba ni mama zetu na dada zetu? Ni wangapi ni wajane? Hatuwezi kumwambia mama asimame mbele atuongoze kumsifu Mungu mwenye haki, kisha ibada ikiisha tumwambie habari ya shamba haimhusu. Mzee uliye na mabinti, usingoje kuugua. Keti na nyumba yako yote ungali na nguvu, nena neno la haki, na uliandike.

Dinari mia si kidogo

Baada ya ardhi, lile sheria iligusa ni utumwa wa deni. Hapa mwalimu wetu ni Bwana Yesu mwenyewe, katika Mathayo 18. Petro aliuliza asamehe mara ngapi, naye akapewa mfano wa mtumwa aliyedaiwa na mfalme talanta elfu kumi. Talanta moja ilikuwa sawa na dinari kama 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Pigeni hesabu: deni la yule mtu lilikuwa kazi ya siku milioni 60. Hakuna ukoo ambao ungeweza kulilipa hata wakizaliana mpaka mwisho wa dunia. Mfalme akalifuta lote.

Akatoka nje, akamkuta mwenzake anayedaiwa dinari mia. Wahubiri wengi husema hicho kilikuwa kitu kidogo mno. Mimi naomba tusiseme hivyo. Dinari mia ni kazi ya siku mia moja. Mchukue mtu anayechuma chai, afike shambani siku mia, mvua na jua, kisha pesa zote hizo achukue mtu mwingine asirudishe. Mtamwambia ni kitu kidogo? Bwana Yesu hakusema kwamba jirani yako hajakukosea sana. Anajua uliumia. Anajua ada ya mtoto ilikosekana kwa sababu yule uliyemdhamini kwenye chama alitoroka. Anachosema ni kwamba, pamoja na ukubwa wake, deni hilo limesimama karibu na deni lingine ambalo wewe umefutiwa, na ukiyaweka pamoja utajua la kufanya.

Sisemi kwamba kila deni lifutwe leo, maana kuna anayeweza kulipa na imempasa alipe. Mkristo hulipa madeni yake. Aliyekopa mfuko wa kwaya, jubilei ni wakati mzuri wa kurudisha. Lakini yuko mdaiwa ambaye kweli hana, amefiwa, amepata ajali, mazao yamekauka, naye siku hizi hupita njia ya nyuma ili asikutane nawe. Hata kanisani haji, kwa kuwa wewe huketi kiti cha mbele. Ndugu yangu, ukimdai huyo mbele za watu unaweza kupata pesa, lakini kanisa limepoteza mtu. Mwendee kwake. Kunywa chai yake. Mwambie mpange upya, au mwambie yamekwisha. Siku atakaporudi ibadani mtajua jinsi jubilei inavyosikika.

Wimbo ulioachwa madhabahuni

Sasa niingie ndani ya kwaya yenyewe. Miaka 50 si michache, na watu wakiimba pamoja miaka 50 watakosana. Huyu alisimamishwa kuongoza wimbo, yule akanyamazishwa. Video ilipochukuliwa, wengine wakawekwa mbele na wengine nyuma ambako kamera haifiki. Vijana walileta kinanda, wazee wakasema kelele. Wazee wakashikilia nyimbo zao, vijana wakasema wamepitwa na wakati. Wengine waliondoka kimya kimya, na baadhi yao wako hapa leo, wameketi nyuma kabisa, wakijua kila neno la kila wimbo ulioimbwa asubuhi hii.

Katika Mathayo 5, Bwana Yesu anamtaja mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka hapo hapo kwamba nduguye ana neno juu yake. Anaambiwa aiache sadaka, aende kwanza apatane, ndipo arudi. Angalieni, hasemi ukikumbuka kwamba wewe una neno juu ya nduguye. Anasema ukikumbuka kwamba yeye ana neno juu yako. Maana ya kwanza tunaikumbuka sana, hatuhitaji kusaidiwa. Na wimbo ni sadaka. Nabii Amosi, sura ya 5, anatuonya kwamba Mungu anaweza kuziona nyimbo zetu kuwa kelele tu ikiwa haki haitiririki nyuma yake. Basi leo kabla ya chakula, kila mwanakwaya amtafute mmoja. Mmoja tu. Anayeketi nyuma usimngoje aje mbele. Nenda wewe.

Tena yako mapatano yanayovuka uzio wa kanisa. Sisi tunaishi mpakani. Mwaka 1992, na tena mwanzoni mwa 2008, mpaka wa Borabu na Sotik uliona moshi wa nyumba, na watu wakakimbia usiku na watoto mgongoni. Pande zote mbili kuna waliozika. Leo ukienda soko la Chepilat utaona watu wa lugha mbili wakiuziana mahindi, kuku na ng'ombe, wakicheka. Namshukuru Mungu kwa soko hilo. Lakini biashara hukutanisha mikono, nayo Injili inadai mioyo. Walawi hiyo hiyo, sura ya 19, inaagiza mgeni akaaye kati yenu apendwe kama mzaliwa, kwa sababu Israeli nao walikuwa wageni Misri. Uchaguzi utakuja tena, huja kila baada ya miaka mitano, na wachochezi watakuja na maneno yao. Kwaya inayojua kuimba na majirani zake wakati wa amani itakuwa na la kusema wakati huo. Napendekeza, kama mwalimu wa kwaya ataniruhusu, kwamba tusingoje mwaliko. Twende tukaimbe ng'ambo, nao waje waimbe kwetu, kwa lugha yao, nasi tujifunze kiitikio chao.

Waliofungua na kufunga tena

Kuna habari katika Yeremia 34 ambayo naomba isitupate. Yerusalemu ulikuwa umezingirwa na jeshi la Babeli. Mfalme Sedekia akafanya agano na watu wote kwamba kila mmoja awaache huru watumwa wake wa Kiebrania. Wakaapa hekaluni. Wakawaachilia kweli. Hebu fikirini furaha ya siku hiyo. Kisha jeshi la Babeli likaondoka kwa muda kukabili Wamisri, hofu ikapungua, na wale mabwana wakawaendea watu waliowafungua wakawarudisha utumwani. Ni hapo Mungu aliponena maneno makali sana kupitia Yeremia, kwa kuwa jina lake lilikuwa limetumika katika kiapo.

Wapendwa, kufungua mkono siku ya jubilei ni rahisi. Kuna nyimbo, kuna machozi, mchungaji ametuombea. Kazi ni kesho. Kesho asubuhi utamwona yule uliyemsamehe, na moyo utataka kumrudisha kifungoni. Ndiyo maana mwalimu wa kwaya alisisitiza neno lile, kila siku. Upendo wa Mungu una mpango wa kila siku. Mana katika Kutoka 16 iliokotwa asubuhi kwa asubuhi, na iliyowekwa akiba kinyume cha agizo iliingia mabuu. Mwandishi wa Maombolezo aliketi katika magofu ya mji wake, na katikati kabisa ya kitabu chake cha kilio, sura ya 3, akashuhudia kwamba rehema za Bwana huja mpya kila kunapopambazuka. Hakuyaona hayo akiwa karamuni. Aliyaona akiwa kwenye majivu.

Sisi tunalima chai, tunajua mambo haya. Mchai ni mti. Ukiachwa ukue utapaa juu hata mkono usifike, na majani yake hayatafaa kiwandani. Unakaa kiunoni na kutoa majani mawili na chipukizi kwa sababu moja tu: mkono unarudi. Baada ya siku saba, baada ya siku kumi, wiki mbili zisipite, mkono unarudi palepale. Na kila baada ya miaka michache unapogolewa mpaka unaonekana kama umekufa, kisha unachipuka. Hakuna mkulima aliyechuma mara moja kwa bidii kubwa akamaliza kazi ya miaka 50. Wala bonasi haipatikani kwa siku moja. Imetokana na kilo zilizopimwa kituoni kidogo kidogo.

Moyo ni hivyo hivyo. Kinyongo ni chipukizi. Kikichumwa mapema ni laini, kikiachwa kinakuwa mti wenye shina. Kwa hiyo nawaombeni mambo machache ya kufanya kuanzia kesho. Kabla ya kukamata simu, kabla ya kukamua ng'ombe, soma fungu moja dogo la Neno, mistari kumi yatosha, kwa lugha unayoielewa moyoni, iwe Kiswahili au Ekegusii. Usiwe na haraka ya kumaliza Biblia, acha Biblia ikumalize wewe kiburi. Kisha jiulize: fungu hili linanionyesha Mungu amenipendaje? Na tena: leo nimwachilie nani, au nirudishe nini? Taja jina la mtu au la kitu. Jioni kabla ya kulala, na nyumba yako yote, angalieni kama mlifanya. Mkishindwa, msikate tamaa, asubuhi nyingine inakuja na rehema zake.

Leo imetimia

Siku moja, huko Nazareti, Bwana Yesu alisimama katika sinagogi akapewa chuo cha Isaya. Luka 4 inaeleza. Akasoma juu ya habari njema kwa maskini, juu ya waliofungwa kufunguliwa, na juu ya mwaka wa Bwana uliokubaliwa. Ilikuwa lugha ya jubilei. Kila aliyekuwa pale alijua kuhesabu miaka. Walitazamia aseme imebaki mingapi. Yeye akaketi akawaambia kwamba andiko hilo limetimia leo, masikioni mwao. Tangu siku ile hatungoji tena mwaka wa hamsini. Pembe imelia msalabani, Siku ya Upatanisho imekuja mara moja kwa wote, na kila asubuhi ya Mkristo ni asubuhi ya jubilei.

Kwa wazee walioanzisha kwaya hii, wengine wametangulia mbele za haki na tumesoma majina yao asubuhi: asanteni. Mlituachia nyimbo, na zaidi ya nyimbo mlituachia udugu mlioujenga kati ya watu wasiojuana. Kwa mama zetu mliobeba kwaya mgongoni pamoja na watoto: Mungu awape sehemu yenu, hapa duniani na mbinguni pia. Kwa vijana: kinanda ni chenu, na kitabu cha solfa ni chenu pia, msidharau kimoja kwa ajili ya kingine. Mkihesabu kuelekea jubilei nyingine, hesabuni asubuhi kabla ya kuhesabu miaka. Miaka 50 ina asubuhi zaidi ya 18,000, na katika kila moja kuna mtu wa kuachiliwa.

Nanyi wageni mliokuja kutuona, mkiulizwa huko nyumbani kama jubilei ya Nyansiongo ilifana, msiseme habari za mchele na nyama pekee. Ngojeni miezi michache, mje tena. Angalieni kama wale wa nyuma wamerudi mbele, kama yule mjane ana hati mkononi, kama yule mdaiwa anapita njia kuu mchana. Mkikuta hivyo, basi ilifana.

Mungu mwenye rehema zisizoisha aifungue mikono yetu kama alivyoufungua wake. Amina.